Thacienne na Kopo la Manukato

Thacienne Umuhoza alikuwa mwoga, na hakuwahi kuficha. Majirani wake wa Mweso, mji mdogo wa milimani, walizoea kumwona akidondosha mkasi kwa sababu tu kuku ameruka ukutani. Walimcheka kidogo, naye alicheka nao, kisha aliinama kuokota mkasi.

Alizaliwa Burungu, katika nyumba ya wakulima wa maharagwe. Asubuhi moja, akiwa na miaka tisa, alimwambia mama yake kwamba anasikia harufu ya maharagwe yanayoungua. Mama alitazama jiko. Moto ulikuwa haujawashwa, na sufuria ilikuwa imepinduliwa kifudifudi. Hazikupita dakika nyingi, wakasikia risasi. Kilichokuwa kinaungua ni ghala la maharagwe la jirani zao upande wa pili wa kilima, na upepo ulikuwa umeleta harufu kabla ya kuleta sauti. Walikimbia wote wakapona, lakini tangu siku hiyo pua ya mtoto yule haikupumzika tena. Alipokuwa mtu mzima, hakufungua mlango asubuhi kabla ya kusimama nyuma yake na kuvuta hewa kwenye ufa. Moshi wa majani makavu ulikuwa wa mtu anayesafisha shamba. Moshi wenye nguo na godoro ndani yake ulikuwa wa nyumba. Harufu kwake zilikuwa habari, na habari nyingi zilikuwa mbaya.

Aliolewa na Esdras, mwalimu wa shule ya msingi, akahamia Mweso. Vita vilipofunga shule, Esdras alikwenda Walikale kuchimba madini, akawa anarudi mara moja kwa miezi mingi. Hawakuwa na mtoto bado. Thacienne alibaki na mama mkwe wake, Mama Adelaïde, mjane mwenye miaka sitini na kitu, mtu wa maneno machache na jembe lenye makali. Mama Adelaïde alilima kilimani. Thacienne alishona barazani, karibu na soko, kwa mashine ya kukanyaga kwa miguu.

Siku moja mteja alimletea koti la mitumba apunguze mikono. Thacienne alipofumua bitana, alikuta ndani yake kichupa chenye urefu wa kidole gumba. Maandishi yake yalikuwa yamefutika, na chini kulikuwa na maji kidogo yenye rangi ya chai. Mwenye koti alikifungua, akanusa, akakunja uso.

"Iko na harufu ya muzungu muzee," alisema. "Baki nayo."

Thacienne alidondosha tone moja kwenye kipande cha popelini nyeupe. Kwanza ilimjia ndimu kali iliyomchoma puani. Baada ya saa moja ndimu ilikuwa imekwenda, na mahali pake palikuwa na kitu kama mbao zilizotoka tu kupasuliwa. Jioni, kitambaa kilikuwa na harufu ya ngozi ya mtoto aliyeogeshwa. Alikaa nacho usoni mpaka Mama Adelaïde akamwuliza kama analia. Hakuwa analia. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amenusa kitu ambacho hakikuwa kinamwonya juu ya kitu kingine.

Hapo ndipo alipoanza kukusanya.

Aliyemsaidia ni Karangwa, mfanyabiashara aliyepanda kila wiki lori la maharagwe kwenda Goma. Karangwa alikuwa na suruali nyingi zilizochanika kwa kukaa juu ya magunia, na Thacienne alimshonea. Naye alimletea masalio ya chupa za kujaribia, zile ambazo wauza manukato wa mjini huziweka mezani ili wateja wanuse, halafu huzitupa zikikaribia kwisha. Thacienne aliyamimina masalio hayo kwenye vichupa vya dawa ya sindano alivyovichemsha vizuri, akavipanga ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kati ya kila kichupa akaweka pamba ili visigongane.

Alikuwa na utaratibu wake. Alikata vitambaa vyembamba, akatia tone moja kwenye kila kimoja, akaandika namba kwa chaki ya kushonea, akavitundika kwenye uzi dirishani. Alinusa asubuhi, alinusa saa sita, alinusa jioni. Mwanzoni alizisifu zile tamu, zenye vanila na sukari iliyoungua na matunda yaliyoiva. Wanawake wote waliopita barazani walisema hizo ndizo nzuri, naye aliamini kwamba anazipenda. Ilimchukua miezi kugundua kwamba kitambaa anachokisifu na kitambaa anachokirudia si kimoja. Mdomo ulisema vanila, lakini mkono ulikwenda wenyewe kwenye namba nne, ya mbao kavu, na namba tisa, iliyokuwa chungu kama jani la mti wa dawa. Alianza kuufuata mkono. Zile tamu akawagawia rafiki zake, akabakiza kichupa kimoja tu cha vanila chini ya kopo, na hakuzikumbuka.

Kisha Esdras alimtumia kutoka Walikale donge la utomvu wa mubafu, mti mrefu wa msituni, limefungwa kwenye jani. Kule watu huuwasha gizani kwa ajili ya mwanga. Thacienne aliuponda, akauloweka kwenye mafuta yasiyo na harufu, akauacha juani juu ya bati kwa majuma matatu. Yaliyotoka yalikuwa na moshi, na ndimu, na ubaridi wa mahali ambapo jua halifiki. Alimpa Karangwa anuse.

"Hii iko sawa kanisa ya Wakatoliki," alisema Karangwa.

"Ni ile njo mi napenda," alijibu Thacienne, na aliposema hivyo alijishangaa, kwa sababu hakuwa mtu wa kusema anapenda nini.

Mama Adelaïde hakuafiki jambo hilo tangu mwanzo. Hakugomba. Alisema mara moja tu, akichambua maharagwe: "Muntu mwenye kunukia anaita bantu. Na bale anaita, hajue ni ba nani." Thacienne alikaa akamsaidia kuchambua. Aliona kwamba maneno hayo yana ukweli, na kwa miaka kadhaa hakujipaka kitu siku za kwenda mbali na nyumba.

Mwaka mmoja vita viliposogea tena, watu wa Mweso waliishi kwa kusikiliza. Mizinga ililia mbali, ikanyamaza, ikalia karibu zaidi. Thacienne hakulala vizuri. Asubuhi alisimama nyuma ya mlango muda mrefu kuliko zamani, na mchana alijishughulisha na vitambaa vyake kwa sababu akivinusa moyo ulipunguza mbio.

Jumamosi moja Karangwa alimletea kitu kipya, kichupa cha mafuta mazito ya waridi na udi yaliyotoka Dubai kupitia Goma. Thacienne hakuyapenda. Yalikuwa na sauti kubwa, yaliingia chumbani kabla ya mtu. Hata hivyo alitaka kujua kwa nini hayapendi, na jambo hilo hulijui mpaka uyavae. Alijipaka tone kwenye kila kifundo cha mkono na moja shingoni, na kitambaa chake cha kichwa kikashika mengine. Jioni alijuta, akakifungia kichupa ndani ya kopo pamoja na vingine. Aliosha kwa sabuni, akasugua, akaosha tena. Harufu ilibaki palepale, imetulia, kama mgeni aliyeshavua viatu.

Jumapili asubuhi, kabla watu hawajaenda kanisani, bomu lilianguka upande wa chini wa soko. La pili lilianguka karibu zaidi, na vumbi la dari likamwagika kitandani.

"Twende," alisema Mama Adelaïde. Alikuwa amekwisha kushika jembe, sufuria na kifurushi cha unga wa muhogo. "Twende Kashuga. Usifunge mulango, bataivunja bure."

Thacienne aliitazama mashine yake. Hakuweza kuibeba. Mikono ilichukua blanketi, na ilichukua kopo. Hakuamua kulichukua. Walipofika kwenye mikaratusi nje ya mji ndipo alipoona kwamba amelikumbatia kifuani chini ya blanketi, na ameacha chumvi na mafuta ya kupikia mezani.

Barabara kubwa ilikuwa imejaa watu, na risasi zilikuwa zinapiga juu yake. Jirani yao Kanyamibwa, mchungaji wa ng'ombe aliyejua vilima vyote vya upande ule, aliwaita wachache kwa mkono washuke njia ya malisho. Walikuwa wanne: Kanyamibwa mbele na fimbo yake, nyuma yake msichana mmoja aitwaye Umwali aliyebeba mtoto mchanga mgongoni, kisha Mama Adelaïde, na Thacienne mwisho. Ukungu ulikuwa mzito. Mtu wa tatu mbele yako alikuwa kivuli.

Walitembea kama saa moja bila kuzungumza. Milio ilibaki nyuma. Umwali alianza kupumua vizuri, na Kanyamibwa akapunguza mwendo. Hapo Thacienne alisimama.

Alikuwa amesikia harufu ya mafuta ya mashine ya kushona.

Alidhani ni mikono yake mwenyewe, akainusa. Mikono ilinuka waridi na udi tu. Alivuta hewa tena. Ilikuwa inatoka mbele, nyembamba, baridi, ile ile ya mafuta aliyoyatia kwenye chuma kila Jumatatu, na chini yake tumbaku, na nguo zilizolowa na kukaukia mwilini siku nyingi. Kwenye malisho yale hapakuwa na mashine ya kushona. Alishika bega la mama mkwe wake.

"Mama. Mbele kuko bantu."

"Umeona nani?"

"Sijaona. Nasikia mafuta ya chuma. Ya bunduki."

Mama Adelaïde alimtazama kwa muda usiozidi pumzi moja. Kisha alimvuta Kanyamibwa kwa koti. Mzee yule alisikiliza, akang'oa nyasi kavu, akaziachia hewani, akaona zinarudi upande wao. Hakubisha. Mtu aliyechunga ng'ombe miaka arobaini anajua kwamba ng'ombe humsikia chui kwa pua. Aliwaonyesha bonde la kulia, ambako matete yalikuwa marefu kuliko mtu na maji meusi yalisimama chini yake, na wote wanne wakaingia humo, wakalala kwa ubavu kwenye tope.

Hawakungoja sana. Watu walishuka kwenye njia ileile waliyotaka kuipanda wao. Kwanza zilisikika kokoto, kisha kikohozi, kisha sauti. Thacienne alihesabu miguu kwa kusikia, akafika kumi na moja, akapoteza hesabu. Umwali alikuwa amemziba mtoto kwa titi, na macho yake yalikuwa yamefumbwa kama ya mtu anayesubiri kupigwa.

Walisimama. Mmoja alikojoa. Mwingine aliomba kiberiti. Walikuwa karibu kiasi kwamba Thacienne alisikia matone ya ukungu yakidondoka kutoka kwenye mabuti yao, au alidhani anayasikia. Alijiambia kwamba watapita.

Ndipo upepo ulipogeuka.

Aliuhisi shingoni. Ulitoka bondeni, ukampitia, ukapanda kwenda njiani. Alijua umebeba nini. Alichota tope akajipaka shingoni, kwenye mikono, kichwani, huku akijua kwamba haifai, kwa sababu mafuta yale yalikuwa yameshinda sabuni jana yake. Alikuwa amejifundisha yeye mwenyewe, kwa vitambaa vyake na namba zake, kwamba udi hautoki.

"Munasikia?" sauti moja iliuliza njiani.

"Nini?"

"Parfum."

Wengine walicheka. "We unaota muke yako."

"Siote. Iko harufu ya parfum. Inatoka kule chini."

Kicheko kilikwisha. Thacienne alisikia chuma cha bunduki kikivutwa na kuachiwa. Alitaka kuomba, na neno la kwanza la sala halikuja. Alifikiri jambo moja tu, kwamba wanakuja kwa sababu yake, na kwamba mtoto wa Umwali ana wiki sita.

Mkono ulimgusa. Ulikuwa wa Mama Adelaïde. Mama mkwe wake alimvua kitambaa cha kichwa, taratibu, kama mtu anayemvua mgonjwa. Akajifunga yeye. Kisha alishika kopo lililokuwa kifuani mwa Thacienne, akalivuta.

Miaka iliyofuata, Thacienne alipoisimulia habari hii, hakuruka sehemu hii, ingawa angeweza kuiruka na hakuna ambaye angejua. Alielewa mara moja kitu ambacho mama mkwe wake anataka kufanya. Alikuwa na muda wa kumshika mkono. Alikuwa na nguvu kuliko yeye. Lakini vidole vyake vilifunguka, vikaachia kopo, na akabaki amelala.

Mama Adelaïde alitambaa kando kwa hatua nyingi, mbali na wao, kabla ya kusimama. Aliposimama alifanya kelele makusudi, akivunja matete.

"Musipige," alisema. "Ni mimi muzee."

"Toka. Mikono juu. Uko na nani?"

"Niko peke yangu. Bengine balikimbia, balinipita. Miguu yangu iko mubaya."

"Na hii parfum?"

"Ni yangu."

Mmoja akacheka tena, kicheko cha mtu asiyeamini. "We, koko muzee? Unajipaka parfum ya nini?"

"Bwana yangu alikuwa anapenda," alisema Mama Adelaïde, kwa sauti ileile aliyotumia kuzungumzia maharagwe.

Bwana yake alikuwa amekufa miaka ishirini iliyopita, na hakuwahi kununua hata sabuni ya kunukia. Thacienne, usoni mwake tope, alisikia mfuniko wa kopo ukifunguliwa. Alisikia vichupa vyake vikigongana. Wale watu walipokonyana. Harufu zilikuja bondeni moja baada ya nyingine, na pua yake, ambayo haikujua kwamba ni wakati wa hofu, ilizitambua zote: namba nne, namba tisa, ile ya koti, mubafu, udi, vanila.

"Beba hii," sauti ilisema, na kitu kizito kilianguka chini. "Unatembea na sisi. Miguu itapona."

Waliondoka naye. Umwali na Kanyamibwa na Thacienne hawakujisogeza mpaka ukungu ukapanda na jua likachoma migongo yao.

Kashuga ilikuwa imejaa. Watu walilala shuleni, makanisani, na chini ya mahema yaliyochakaa yaliyobaki ya wakimbizi wa zamani. Kanyamibwa aliwapatia nafasi kwenye kibanda cha ndugu yake, na siku mbili Thacienne alikaa nje ya kibanda hicho akitazama njia. Hakula. Kila mwanamke mzee aliyetokea kwenye kona alimfanya asimame, na kila mara alikaa tena. Alijisugua mikono kwa majivu mpaka ngozi ikatoa damu. Umwali alikuja kukaa karibu naye na mtoto.

"Dada, usijiue hivi," alisema Umwali. "Kama haungesikia ile mafuta ya bunduki, tungeingia katikati yao."

"Na kama nisingejipaka, bangepita," alisema Thacienne.

Umwali alimwekea mtoto mapajani, akaenda kuchota maji.

Siku ya tatu, saa nne za asubuhi, Mama Adelaïde aliingia Kashuga akitembea polepole katikati ya njia. Miguu yake ilikuwa imevimba na kitambaa cha kichwa hakikuwepo. Thacienne alimwona kutoka mbali lakini hakumkimbilia. Alipiga magoti palepale. Mama Adelaïde alimfikia, akamwekea mkono kichwani, akauliza kama kuna maji ya kunywa.

Jioni, baada ya kula, ndipo aliposimulia. Walimbebesha gunia la risasi, alisema, vilima viwili na usiku mmoja porini. Hawakumpiga sana. Vijana wale walijimwagia manukato yote, kila mmoja yake, kama watu wanaokwenda harusini.

"Asubuhi ya pili ukungu ulishuka tena," alisema. "Sikuona hata mukono yangu. Lakini nilijua kila mumoja iko wapi. Yule wa udi iko mbele. Yule wa sukari iko nyuma yangu, anachoka, anasimama kila saa. Nikaanza kutembea pole. Yule wa sukari akanipita, hakuniona. Nikangoja mupaka harufu yake ikaisha. Nikaweka gunia chini, nikateremuka."

Kanyamibwa alicheka mpaka akakohoa. Umwali naye alicheka. Thacienne hakuweza. Alikaa macho baada ya wengine kulala.

Alimwomba msamaha mama mkwe wake siku iliyofuata, walipokuwa peke yao wakitafuta kuni. Alisema yote: kwamba alielewa, kwamba angeweza kumzuia, kwamba aliachia.

"Ni mimi njo nilivuta," alisema Mama Adelaïde. "Ungekaza, bangesikia kelele, tungekufa wane. Chukua hii kuni."

Hayo ndiyo yaliyosemwa juu ya jambo hilo, na hayakurudiwa.

Walikaa Kashuga miezi minane. Muda wote huo Thacienne hakutaka kunusa kitu. Mwanamke mmoja wa jirani alipofungua mafuta ya nywele yenye harufu ya nazi, yeye alitoka nje akatapika. Alishona kwa sindano ya mkono, akitia viraka kwenye mahema na nguo za watoto, na kila kitu kilinuka moshi na plastiki yenye maji, naye alishukuru kwamba vyote vinafanana.

Aliyeanza tena si yeye. Walikuwa wamekwisha kurudi Mweso, kwenye nyumba isiyo na mlango wala mashine, Mama Adelaïde alipomwuliza siku moja, bila kumtazama: "Ile ya yule kijana wa nyuma, ya sukari, inaitwa nini?"

"Haina jina, Mama. Ilikuwa vanila."

"Mm." Aliendelea kumenya muhogo. "Ilikuwa muzuri."

Kwa miaka yote ile Thacienne hakuwahi kumwuliza mama mkwe wake anapenda nini, katika manukato wala katika kitu kingine. Na jibu lilipokuja lilikuwa harufu ambayo yeye mwenyewe aliiona ya kitoto, akaigawa karibu yote. Alimtuma Karangwa amletee vanila. Karangwa alileta vichupa viwili, na Esdras alipokuja likizo alileta donge la mubafu. Walikaa watatu barazani, Esdras akanusa kila kimoja, akasema vyote ni vizuri, wanawake wote wawili wakasema huyo si mtu wa kuulizwa.

Sasa Thacienne ana vichupa vitano. Anavitafuta kwa namna nyingine. Zamani aliuliza kama harufu ni tamu au kavu, nyepesi au nzito, na bado anauliza hayo. Lakini swali la kwanza sasa ni umbali. Anajipaka, anamwomba Mama Adelaïde asimame mlangoni, anauliza: unasikia? Akisikia, kichupa hicho hakifai. Anataka harufu inayokaa juu ya ngozi na haisambai, ambayo mtu ataijua tu akileta pua mkononi. Mubafu aliuzimua kwa mafuta mara nne mpaka ukawa hivyo. Wauza manukato huisifu chupa kwa kwenda mbali na kudumu siku nyingi. Yeye humwambia Karangwa aziache hukohuko Goma zile zinazosifiwa hivyo.

Mama Adelaïde hana subira na mambo hayo. Jumapili iliyopita alijipaka vanila shingoni, tone kubwa, akafunga kitambaa kipya cha kichwa, akaanza kwenda kanisani. Thacienne alimwambia apunguze. Alijibu kwamba Mungu pia ana pua. Basi Thacienne alimfuata, hatua mbili nyuma, akigeuka kila mara kutazama mgomba huu na ukuta ule, akipima upepo unatoka wapi, mpaka walipoingia ndani na kupata nafasi kwenye benchi, karibu na mlango.